Volkano zilizo chini ya Ziwa Kivu: juu ya nini tusizisahau

Kila mwaka tarehe 22 Mei inapokaribia, wakaaji wa Goma wanainua macho kuelekea Nyiragongo. Mchana wanaangalia moshi, usiku wanaangalia wekundu. Lakini mwaka 2021 ulituonyesha kwamba hatari haiko juu ya mlima peke yake. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege, ila udongo ukaendelea kutetemeka siku kwa siku. Magma ilikuwa inapenya chini ya muji, mpaka chini ya ziwa. Njo maana tarehe 27 Mei wakuu waliamuru kartiere nyingi zihame, na watu wakashika njia ya Sake, Rutshuru, Bukavu na Rwanda.

Juu ya nini magma ielekee ziwani? Kivu iko ndani ya Bonde la Ufa, fasi ambapo Afrika inapasuka pole pole, milimita chache kwa mwaka. Kazi hiyo hiyo, pale ilipofika mbali, ndiyo iliyojenga milima ya chini ya bahari: mnyororo wa volkano wenye kilometa karibu 65,000, unaozunguka dunia nzima. Bahari Nyekundu iko kati ya hatua hizo mbili. Sisi bado tuko mwanzoni. Hata hivyo, wanasayansi waliopima sakafu ya ziwa upande wa kaskazini walikuta vilima vya volkano vilivyozaliwa ndani ya maji.

Tofauti kubwa ni gesi. Baharini, gesi inayotoka chini inasambaa katika maji mengi yanayotembea. Kivu, yenye kina cha mita 485, maji yake hayachanganyiki. Chemchemi za moto zinaingiza chini maji ya chumvi yenye gesi ya kaboniki. Maji hayo ni mazito, yanabaki chini, na gesi inajikusanya kwa mamia ya miaka. Vijidudu vinageuza sehemu yake kuwa metani. Leo kuna kilometa za ujazo karibu 300 za kaboniki na 60 za metani. Kaboniki hiyo njo ile ile ya mazuku, inayoua mbuzi na watu katika mabonde ya Goma na Sake.

Mwaka 1986, gesi ilitoka katika Ziwa Nyos, Kamerun, ikaua watu zaidi ya 1,700 kwa usiku mmoja. Nyos ni dogo sana mbele ya Kivu.

Tusitishane bure. Mwaka 2002 lava iliingia ziwani, na gesi ya chini haikutoka. Gesi bado haijafikia kiwango cha kujitoa yenyewe. Wanachoogopa wataalam ni msukumo mkubwa kutoka chini, kwa mfano volkano kulipuka kwenye sakafu ya ziwa. Rwanda tayari inatoa metani na kufanya umeme, na kazi hiyo pia inahitaji uangalifu.

Kwa hiyo, swali kwa wakuu wetu ni rahisi: nani anaangalia chini ya maji? Kabla ya mlipuko wa 2021, Observatoire ya volkano ya Goma, OVG, ilipitisha miezi bila intaneti juu ya kukosa pesa. Mlima unaonekana na kila mutu. Ziwa halionyeshi kitu. Bila mashine na watu wanaolipwa ili kulipima kila siku, tutajua habari yake tukiwa tumechelewa.