Zawadi Isiyo na Cheti

Mhadhiri mwenzangu, mpenzi wa mimea ilayo wadudu, alinisimulia kwa fahari jinsi alivyoagiza mche hai kutoka ng'ambo kwa posta. Juu ya kifurushi muuzaji aliandika "zawadi". Kibali hakikuwapo, wala cheti cha afya ya mimea. Hayo, aliniambia, ni urasimu wa kuwasumbua wananchi. (Naye hufundisha sheria!)

Nakataa. Dionea, mmea ufumbao jani lake ukamnasa nzi, kwa asili huota porini katika majimbo mawili tu ya Marekani: North Carolina na South Carolina. Wezi waliuandama hata North Carolina ikaamua kwamba, tangu Desemba 2014, kuuchimba bila idhini ni kosa kubwa la jinai. Mkataba wa CITES nao unadhibiti biashara yake kimataifa. Kifurushi kisicho na karatasi hakituambii iwapo mche ulioteshwa kitaluni au uling'olewa porini. Mnunuzi hapendi kuuliza.

Tena mche hausafiri peke yake. Mizizini hubeba kuvu na mayai ya wadudu. Gugu maji lililolisonga Ziwa Victoria lina asili ya Amerika ya Kusini, na lilisambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Wavuvi wa Kisumu na Mwanza wanaujua uzuri huo.

Watumishi wa umma mnaonisoma, foleni na ada zenu zinakera, nanyi mzirekebishe. Lakini mwenzangu hakupanga foleni yoyote. Hakuomba kibali hata mara moja, na sasa anasubiri kifurushi cha pili.