Picha za Ndani ya Seli Si za Kubuni

Wapo wanaosema hadubini mpya, zenye kuonyesha vitu vidogo kuliko nusu ya urefu wa wimbi la mwanga, zimeivunja kanuni ya Ernst Abbe. Hazikuivunja. Hesabu aliyoitoa mwaka 1873 ingali sahihi: nukta mbili zikiwaka pamoja huku umbali kati yake haufiki takriban nanomita 200, mwanga wake huchanganyika ukaonekana doa moja. Mwaka 1994 Stefan Hell alipendekeza mwali wa pili wa leza uzime molekuli za pembeni na kuacha za katikati tu ziking'aa. Mwaka 2006 Eric Betzig na wenzake waliwasha molekuli chache kwa zamu, wakatafuta kitovu cha kila doa, kisha wakaunganisha maelfu ya picha. Kanuni ilibaki, zamu ya kung'aa ndiyo iliyobadilika.

Dai zito zaidi ni kwamba picha hizo hutungwa na kompyuta. Ni kweli kwamba kwa njia ya Betzig kinachotoka ni ramani ya vitovu vilivyokokotolewa. Lakini kukokotoa kitovu ni kupima, na kadiri molekuli inavyotoa mwanga mwingi ndivyo kipimo kinavyokaza. Hatari zipo, na wanaozificha wanaidhuru sayansi: molekuli moja ikiwaka na kuzimika mara nyingi huweza kuhesabiwa kuwa kundi zima, na kingamwili zinazobeba rangi huisogeza mbali kidogo na protini yenyewe. Ndiyo maana matokeo hujaribiwa kwa njia nyingine. Mwaka 2013 maabara ya Xiaowei Zhuang ilitangaza kwamba ndani ya mikia mirefu ya seli za neva mna pete za protini iitwayo aktini, zilizopangana kila baada ya nanomita 190 hivi. Kama zingekuwa zao la hesabu, mbinu ya Hell, isiyotegemea kukokotoa vitovu, isingezionyesha. Ilizionyesha, tena katika seli hai.

Kwamba hadubini ya elektroni yatosha? Huona vidogo zaidi, lakini seli hai haziwezi kustahimili ombwe lake, na kutambua protini ipi iko wapi ni kazi ngumu.

Wala si kweli kwamba haya ni ya matajiri pekee. Mwaka 2015 kundi la Ed Boyden huko Marekani lilipachika sampuli ndani ya jeli ya jamii ileile inayofyonza maji kwenye nepi. Ikimwagiwa maji, huvimba zaidi ya mara nne kila upande, na hadubini ya kawaida ya mng'ao ikaona vilivyokuwa vimefichika. Kwa njia hiyo, mwaka 2021 watafiti walionyesha mabaki ya konoidi, kiungo cha ncha ya seli, katika hatua ya kimelea cha malaria ipitayo kwa mbu. Kwa miaka mingi iliaminika kimelea hicho kilikwisha kukipoteza. Jeli huweza kuvimba bila usawa, kwa hiyo sampuli hupimwa kabla na baada. Maabara ya malaria ya Afrika Mashariki yenye hadubini ya mng'ao haina haja ya kusubiri leza ghali ndipo ianze.