Damu ya kitovu na ndago za shambani



Mwezi uliopita nilikwenda Dar es Salaam kununua mbegu za mboga. Katika duka la pembejeo, Kariakoo, nilimkuta mkulima wa kijijini kwetu. Alikuwa anauliza bei ya dawa ya viwavi.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba. Mgonjwa anaendeleaje?"

Mtoto wake wa miaka 6 anatibiwa Muhimbili. Ana saratani ya damu.

"Sasa hajambo," alisema. "Homa imekwisha. Anakula, anacheza. Lakini madaktari wanasema dawa bado. Mimi nataka kumrudisha nyumbani. Mahindi yangu yanasongwa na magugu. Tena mtu mmoja hapa sokoni ameniambia kuwa dawa hasa ni damu ya kitovu. Mama yake ni mjamzito. Akijifungua tutaichukua damu hiyo, na mtoto atapona."

Tulitoka dukani, tukakaa kivulini. Tulizungumza kwa muda mrefu. Baadaye tulikwenda pamoja kumwuliza daktari. Haya ndiyo tuliyojifunza.

SARATANI YA DAMU NI NINI?

Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uloto. Uloto ni kama kitalu cha miche. Humo huota chembe nyekundu, chembe nyeupe, na chembe zinazozuia damu kutoka ovyo. Mtoto akipata saratani ya damu, chembe mbovu huota kwa wingi kama magugu. Huzisonga chembe nzuri. Ndiyo maana mtoto hupungukiwa damu, hupata homa mara kwa mara, na hutokwa damu puani au kwenye fizi.

Dawa za hospitali huua chembe hizo mbovu. Lakini kumbukeni ndago. Ukipalilia leo, shamba linaonekana safi. Kumbe viazi vyake vimebaki ardhini. Mvua ikinyesha, ndago zinarudi kwa nguvu. Saratani ya damu ni hivyo hivyo. Mtoto huonekana mzima mapema, lakini mabaki ya ugonjwa bado yamo. Kwa saratani ya damu inayowapata watoto wengi, matibabu huchukua miaka 2 hadi 3. Anayeacha katikati huukaribisha ugonjwa tena.

DAMU YA KITOVU JE?

Sisi husema, "Kitovu changu kimezikwa hapa." Maana yake, hapa ndipo nilipozaliwa. Kumbe ndani ya kitovu na kondo la nyuma hubaki damu yenye mbegu za kuotesha damu mpya. Ni kidogo, haijazi kikombe cha chai. Huchukuliwa baada ya mtoto kuzaliwa na kitovu kukatwa. Haimwumizi mama wala mtoto.

Mwaka 1988, mjini Paris, Ufaransa, daktari Eliane Gluckman na wenzake walimtibu mvulana wa miaka 5 kwa damu ya kitovu cha dada yake mchanga. Mvulana huyo alikuwa na ugonjwa wa damu wa kurithi. Alipona. Tangu hapo njia hiyo imewasaidia pia watoto wenye saratani ya damu. Basi yule mtu wa sokoni hakusema uongo wote. Lakini hakusema yote.

Kwanza, watoto wengi wenye saratani ya damu hutibiwa kwa dawa tu. Kupandikizwa ni hasa kwa wale ambao ugonjwa umerudi au umeshindikana kwa dawa.

Pili, lazima mbegu zilingane. Mnajua kubebesha miche. Mchungwa hubebeshwa juu ya mlimau, si juu ya mwembe. Hata kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, nafasi ya kulingana kabisa ni 1 kati ya 4. Wataalamu hupima kwanza.

Tatu, damu hiyo haikingwi kwenye chupa nyumbani. Hukusanywa na wataalamu na kuhifadhiwa kwenye baridi kali.

Hapa nchini kazi ya kupandikiza uloto imeanza. Muhimbili walianza mwaka 2021 kwa watu wazima. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, iliwapandikiza watoto wenye selimundu.

TUFANYE NINI?

1. Mtoto akiwa na homa isiyoisha, viganja vimepauka, mifupa inauma, ana michubuko bila kuanguka, au tezi na tumbo vimevimba, usiseme ni malaria tu. Mpeleke kituo cha afya, apimwe damu.

2. Usikimbie kwa kuogopa gharama. Muhimbili hushirikiana na shirika la Tumaini la Maisha, na watoto wenye saratani hutibiwa bila malipo. Bugando na KCMC pia hutibu watoto hao.

3. Usiache matibabu kabla daktari hajasema basi. Katika nchi tajiri watoto zaidi ya 8 kati ya 10 wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 3. Kuchelewa na kuacha dawa ni sababu kubwa.

4. Changia damu. Watoto hawa huongezewa damu mara nyingi. Mwenye umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito wa kilo 50 au zaidi, akiwa na afya njema, anaweza kutoa. Mwanamume hutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Mimi nilitoa siku ile ile, kituo cha Damu Salama, Mchikichini, jirani na Kariakoo.

Yule mkulima amekubali kubaki na mwanawe. Niliporudi kijijini niliwaeleza majirani. Tulipalilia shamba lake kwa siku mbili, watu 14. Mtoto bado yuko kwenye dawa.

MASWALI YA KUJADILIANA

Kwa nini mtoto anayecheza bado anahitaji dawa? Kijijini kwenu, ni nani anauguza mbali, na shamba lake linapaliliwa na nani?