Kwa nini mvinyo wa Dodoma haufiki Fedha?

Atakaye kuipima Jumuiya ya Afrika Mashariki na aziache hotuba za viongozi, aje atazame rafu za maduka ya mtaa wetu wa Fedha, hapa Embakasi, Nairobi. Katika maduka ya vileo ninayoyapita kila jioni, mvinyo mwekundu umepangwa tele, na mwingi umetoka Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 4,000 kutoka hapa. Chupa ya Dodoma sijaiona hata moja, ilhali Dodoma ni mwendo wa kilomita 700 hivi kwa barabara ya lami inayopitia Kondoa, Babati na Arusha hadi Namanga.

Huenda msomaji akauliza tangu lini majirani zetu wakawa wakulima wa mizabibu. Wamisionari wa Kikatoliki waliipanda Bihawana, karibu na Dodoma, mwaka wa 1957, na ardhi ile kame ikaipokea vyema. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, yapata Machi na tena Agosti au Septemba, baraka ambayo mkulima wa Ulaya haijui.

Mwaka mmoja, wakati wa mavuno ya Agosti, nilishinda siku nzima nikizuru mashamba hayo, kuanzia Makutupora hadi Hombolo, na nikaonjeshwa mvinyo mwekundu mchanga uliotokana na mavuno ya Machi. Ulikuwa na ukakasi unaokwaruza ulimi, kwa kuwa mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda ya zabibu, na muda haujapita wa kuulainisha. Hata hivyo harufu ya tunda ilikuwa bado hai ndani yake. Machungu hasa niliyapata katika maelezo ya wakulima. Mapipa ya viwanda yakijaa, zabibu hukosa mnunuzi, na zabibu si mtama wa kuweka ghalani. Baada ya siku chache humwozea mwenyewe, pamoja na karo ya watoto wake.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Nchi inayovuna mara mbili kwa mwaka sharti iyamwage mapipa yake mara mbili, na haiwezi kufanya hivyo bila soko pana. Kampuni ya umma ya DOWICO ilidhoofika na kuanguka katika miaka ya 1990, na viwanda vya watu binafsi vilivyofuata, kama CETAWICO ya Hombolo, haviwezi kumeza mavuno yote. Serikali ya Tanzania imejaribu kusaidia kwa kuutoza ushuru mdogo mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 yake ni zabibu za nyumbani. Hatua hiyo ni njema, lakini soko la nyumbani pekee halitoshi.

Wafaransa walilitambua hilo zamani. Katika eneo la Beaujolais, zabibu zinazovunwa Septemba huwa zimekwisha kuwa mvinyo mchanga unaouzwa kuanzia Alhamisi ya tatu ya Novemba, na hunywewa hadi Japani. Mkulima hupata fedha yake mapema, na pipa hubaki tupu. Ukakasi ule ule ambao sisi tungeuita kasoro, wao wameufanya sherehe.

Je, nasi tunazuiwa na nini? Sheria haituzuii. Umoja wa Forodha ulianza mwaka wa 2005, na sheria ya viwango ya Jumuiya ya 2006 inazitaka nchi wanachama zitambue alama za ubora za wenzao. Kinachokosekana ni kuaminiana. Mwaka wa 2017 Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya. Mnamo Machi 2021 Kenya nayo ikapiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Mfanyabiashara gani atathubutu kupakia lori la chupa akijua kwamba lango laweza kufungwa usiku mmoja?

Sina nia ya kumshawishi asiyekunywa aanze kunywa. Nasema tu kwamba anayekunywa tayari, fedha yake inamlisha mkulima fulani, na yafaa ajue ni yupi. Nao wachache wanaokuza mizabibu kwetu Naivasha hawana sababu ya kumwogopa Mgogo wa Hombolo, kwa maana hata wao wanasongwa na chupa zile zile za mbali.

Yafaa basi Nairobi na Dodoma ziheshimu alama za ubora za kila upande, bila vipimo vya kurudiarudia mpakani. Vyama vya ushirika navyo visaidiwe kupata mapipa yao wenyewe, ili mkulima auze mvinyo badala ya kusihi anunuliwe zabibu. Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu uko Dodoma, na mavuno ya Machi hayamsubiri mtu.