Mwizi wa Usiku na Mwizi wa Mchana

Juma lililopita nilipokea barua kutoka kwa mama mmoja anayekaa katika nyumba ya kupanga, nje kidogo ya mji wa Kampala. Mumewe ni askari wa jeshi, naye hayupo nyumbani. Yumo miongoni mwa wale waliopelekwa Somalia, ambako Uganda imekuwa ikipeleka majeshi yake tangu Machi 2007. Mama huyu ameachwa na watoto wanne. Katika muda wa miezi miwili wezi wamemwendea mara mbili. Mara ya kwanza walichukua mtungi wa gesi na sufuria zilizoanikwa nje. Mara ya pili walikata wavu wa dirisha, wakapenyeza mti mrefu wenye ndoano, wakavuta nguo, simu, na mkoba uliokuwa na vitambulisho vya watoto.

Alipokwenda kutoa taarifa aliambiwa kwamba pikipiki ya kituo haina mafuta, na kama ataka askari aje kupaona mahali penyewe, basi atoe fedha za mafuta. Mwenyekiti wa kijiji naye alimtaka alipe kwanza ndipo amwandikie barua. Sasa mama anauliza: amwendee nani, ikiwa wale wanaopaswa kumsikiliza ndio wanaomtoza? Mwishoni akauliza pia kama anunue mbwa.

Sitakitaja kituo wala kijiji. Nina hakika kwamba wasomaji wengi, kila mmoja akiwa mahali pake, watadhani nimesema habari za kwao.

Tuanze na dirisha, maana hilo ndilo lililo mikononi mwa mama leo hii kabla hajamngoja mtu ye yote. Mwizi wa ndoano hupenda nyumba ambayo kitanda, meza na kamba ya nguo vimesogezwa karibu na dirisha. Sogeza vyote upande wa pili. Simu isiwekwe kuchajiwa dirishani hata kama ndiko kuliko na umeme. Kisha nunua daftari dogo uandike nambari za vitu vya thamani. Kila simu ina nambari yake yenye tarakimu 15. Bonyeza *#06# nayo itaonekana. Andika na nambari ya televisheni na ya redio, na daftari lenyewe lisikae pamoja na vitu hivyo. Polisi wengi wamepata mali iliyoibwa wakashindwa kuirudisha kwa mwenyewe, kwa kuwa mwenyewe hana cho chote cha kuonyesha kwamba ni yake.

Lakini dirisha la chuma halimshindi mwizi kama majirani wanaoamka. Hapa nchini tumeyajaribu mambo hayo kwa majina mengi. Baada ya kuanguka kwa Serikali ya Idi Amin mwaka 1979 tulipata Mayumba Kumi, utaratibu uliotoka kwa ndugu zetu wa Tanzania. Wazee wanakumbuka kwamba mkuu wa nyumba kumi ndiye pia aliyegawa sukari na sabuni zilipokuwa adimu, na pengine hilo ndilo lililoharibu jina lake, kwa sababu mlinzi akishakabidhiwa ghala watu huanza kumtazama kwa jicho jingine. Yalifuata Mabaraza ya Upinzani mwaka 1986, nayo yakawekewa sheria mwaka 1987. Na baada ya Katiba ya 1995 yakaitwa Mabaraza ya Mitaa. Kabla ya uchaguzi mkuu wa 2016 walisajiliwa pia vijana wengi walioitwa wazuia uhalifu, wasio na mshahara, na malalamiko juu ya baadhi yao hayakukawia kutokea.

Katika historia hiyo yote lipo jambo moja ambalo watu wengi hawalijui, nami nataka mama huyu alijue vizuri. Baraza la kijiji si mwenyekiti. Kwa mujibu wa sheria, baraza la kijiji ni wakazi wote waliotimiza miaka 18, mwenye nyumba na mpangaji pia. Mwenyekiti na wenzake, jumla yao watu 10, ni kamati tu iliyochaguliwa na baraza hilo, na mmoja wao ni katibu wa ulinzi. Tarehe 10 Julai 2018 wananchi walipanga mistari nyuma ya wagombea wao hadharani, uchaguzi wa kwanza wa namna hiyo baada ya miaka 17. Kwa hiyo mama aliyekwenda kuomba barua hakwenda kuomba hisani. Alikwenda kwa mtumishi wa baraza ambalo yeye mwenyewe ni mjumbe wake.

Neno moja juu ya yowe. Yowe ni jambo jema, na filimbi ni bora zaidi kwa kuwa haichoki koo. Ila tunajua yanayotokea mara nyingi watu wakisha kusanyika. Wake wa polisi watanielewa. Mume hurudi alfajiri asitake chai wala maneno, kwa sababu ameokota kando ya barabara maiti ya kijana aliyepigwa kwa mawe, na pengine baadaye ikajulikana kwamba hakuwa mwizi bali mgeni aliyepotea njia. Majirani wakikamata mtu wamfunge mikono, wamkalishe chini, wamwite katibu wa ulinzi. Anayerusha jiwe la kwanza naye ni mhalifu, na mume wako ndiye atakayetumwa kumkamata.

Sasa nakuja kwenye habari ya mafuta ya pikipiki.

Si uongo kwamba mafuta hayatoshi. Mtu aliyeishi katika kambi ya polisi ameona gari limesimama juu ya matofali na askari wakienda doria kwa miguu. Lakini hebu tujiulize: mafuta yaliyoletwa kituoni mwezi huu ni lita ngapi? Ni nani ajuaye? Mkuu wa kituo anajua, na dereva labda. Mama aliyeibiwa hajui, wala askari kijana aliye mezani, ambaye huenda anasema kweli kwamba tangi ni tupu. Penye giza la namna hiyo hapatofautishwi mwenye shida na mwenye hila. Wote wawili husema neno lilelile: leta fedha.

Tuliwahi kuwa na giza kama hilo katika shule zetu, nasi tukaona lilivyoondolewa. Baina ya mwaka 1991 na 1995 Serikali ilikuwa ikituma fedha kwa ajili ya kila mtoto wa shule ya msingi, za kununulia vitabu, chaki na mahitaji mengine yasiyo mishahara. Wachunguzi walipokwenda katika shule 250 wakalinganisha vitabu vya Wizara na vitabu vya shule, waliona kwamba katika miaka hiyo shule zilipokea, kwa wastani, asilimia 13 tu. Shule nyingi hazikupata hata senti. Nyingine zote zilikuwa zimebaki njiani, hasa katika ofisi za wilaya, zikitumiwa kwa mambo mengine. Na nani aliyejaza pengo? Wazazi. Walilipa mwaka baada ya mwaka wakidhani kwamba Serikali haitoi cho chote. Shule zilizokuwa na wazazi wenye nafasi zilipata zaidi, kwa kuwa wazazi hao walijua pa kuuliza. Shule za maskini ndizo zilizonyamaza.

Dawa iliyotumika haikuwa ya ajabu. Serikali ilianza kuchapisha katika magazeti kiasi cha fedha kilichotumwa kwa kila wilaya, na shule zikaamriwa kubandika ukutani kiasi kilichofika. Mzazi aliweza kulinganisha gazeti na ukuta. Kufikia mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 ya fedha hizo zilikuwa zikiingia shuleni. Wako wataalamu waliosema baadaye kwamba magazeti peke yake hayakufanya kazi yote, kwa kuwa taratibu nyingine za fedha zilirekebishwa wakati huohuo, nami nakubali kwamba huenda wana haki. Lakini sioni jinsi utaratibu wo wote ungedumu kama hesabu zingebaki kabatini.

Jambo la namna hiyohiyo lilijaribiwa katika vituo 50 vya afya kwenye wilaya 9. Katika nusu ya vijiji hivyo wananchi waliitwa, wakasomewa jinsi kituo chao kinavyofanya kazi, kisha wakakaa na wauguzi kupatana juu ya mambo ya kurekebisha. Baada ya mwaka mmoja, vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilikuwa pungufu kwa asilimia 33 kuliko katika vijiji ambavyo havikufanya hivyo. Jaribio jingine lililofuata miaka ya baadaye, kubwa zaidi, halikuleta matunda makubwa kiasi hicho. Basi tusidhani kwamba kila mkutano huokoa mtoto. Hata hivyo wauguzi wanaojua kwamba wanatazamwa hawafungi mlango saa nne asubuhi.

Mwaka 2009 Serikali yenyewe ilianzisha mikutano ya Baraza, inayosimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Humo maofisa wa wilaya husimama mbele ya wananchi wa tarafa, wakaeleza fedha walizopokea, kazi waliyoifanya, na iliyobaki. Kisha wananchi huuliza. Jina ni letu la Kiswahili, nami nalipenda. Hitilafu ni kwamba vikaratasi vingi vinavyobandikwa katika ofisi zetu vimeandikwa kwa Kiingereza peke yake. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili tangu Katiba ilipobadilishwa mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kitumike rasmi. Basi kitumike hata katika ubao wa zahanati. Mke wa koplo aliyetoka Arua akaolewa na mtu wa Mbale hukisoma Kiswahili kabla ya lugha nyingine yo yote ya ofisini.

Najua baadhi ya wasomaji wangu wanakunja uso, hasa wale ambao mshahara wa polisi ndio uwashao jiko lao. Mtasema kwamba mwandishi huyu anawaonea askari wadogo. La. Askari mdogo ndiye atakayefaidika wa kwanza. Kama ukutani kituoni pameandikwa kwamba mwezi huu zimeletwa lita kadha wa kadha na zimetumika kwa safari hizi na hizi, yule kijana wa zamu hataitwa mwizi na kila mama mwenye machozi. Ataonyesha ubao. Ikiwa ubao wasema lita zimekwisha, mama ataamini, naye atajua kwamba hasira yake yapaswa kupelekwa juu zaidi. Vituo vingi vimekwisha bandika tangazo kwamba dhamana ya polisi haina malipo. Ukuta uliopokea tangazo hilo una nafasi ya jingine.

Mama yangu, hatua zako ni hizi. Rudi kituoni, mchana, pamoja na jirani mmoja. Taka taarifa yako iandikwe katika daftari la matukio, nawe upewe nambari yake. Kuandika hakuhitaji mafuta wala malipo. Ukidaiwa tena, andika tarehe, saa, na nambari iliyo kifuani mwa askari. Sheria ya Polisi yampa mwananchi haki ya kuandika malalamiko na kuyatia sahihi, akayapeleka kwa mkuu wa polisi wa wilaya, au kwa Inspekta Jenerali wa Polisi, juu ya rushwa au uzembe wa askari ye yote. Zaidi ya hapo iko ofisi ya Inspekta Mkuu wa Serikali, ambaye si yule wa polisi bali ni yule aliyepewa na Katiba ya 1995 kazi ya kupambana na rushwa. Na sheria ya mwaka 2010 inamlinda anayetoa habari za ufisadi. Hata yamwahidi asilimia 5 ya fedha zitakazopatikana, ingawa kwa fedha za mafuta ya pikipiki usianze kupanga kununua ng'ombe.

Kwa mwenyekiti, taka risiti. Asipokuwa nayo, mwambie katibu wa ulinzi kwamba waomba mkutano wa baraza la kijiji, na uende na wanawake wenzako wa mstari huo wa nyumba. Ulizeni mambo mawili tu: ada ya barua iliwekwa na nani, na zamu ya ulinzi wa usiku imepangwaje. Msiongeze la tatu, maana mkutano wenye mambo kumi humalizika kwa sala. Mumeo akipiga simu, mweleze yote bila kumficha. Askari aliye mbali huumia zaidi akisikia habari kutoka kwa wengine.

Habari za mbwa: usinunue sasa. Ua wako, kama ulivyoueleza, una pengo upande wa choo, na mbwa atakuwa akilala kwa watu wengine. Ziba pengo kwanza. Ukishaziba, chukua mtoto wa mbwa kwa jirani unayemjua, umpeleke kwa bwana mifugo achanjwe kichaa cha mbwa kabla watoto hawajaanza kumchezea, na umlishe wewe mwenyewe.