Hatari ya bodaboda haiishi pikipiki inaposimama

AJALI za bodaboda zinapotajwa, wengi hufikiria mwendo wa kasi, ulevi na tabia ya kubeba abiria kupita kiasi. Ni nadra mtu kuuliza pikipiki ilikuwa katika hali gani iliposimama. Ilhali mhudumu husimama mara nyingi kwa siku: kwenye taa za trafiki, kwenye mizunguko, kwenye vizuizi vya polisi na kwenye steji.

Swali lenyewe laonekana dogo. Je, mhudumu anaposimama, abaki katika gia ya kwanza huku akiminya klachi, au aitoe pikipiki kwenye gia kabisa? Kila jibu lina mahali pake, na anayekosea mahali hapo huhatarisha maisha yake na ya abiria.

Katika taa za trafiki, hatari kubwa hutoka nyuma. Dereva wa matatu au lori huenda hajaiona pikipiki iliyosimama mbele yake, hasa usiku au mvua inaponyesha. Mhudumu ambaye tayari ameitoa pikipiki kwenye gia hulazimika kuminya klachi, kutafuta gia ya kwanza kwa mguu, kisha ndipo aondoke. Kufikia hapo, huenda amechelewa.

Kwa hivyo, sekunde za kwanza ni za kubaki katika gia ya kwanza, klachi ikiwa imeminywa na mguu wa kulia ukiwa kwenye breki ili taa nyekundu ya nyuma iendelee kuwaka. Macho yawe kwenye vioo vya kando, na gurudumu la mbele lielekee palipo na nafasi ya kuponea. Gari la nyuma likishasimama kabisa, mhudumu anaweza kuitoa pikipiki kwenye gia na kuupumzisha mkono.

Steji ni suala tofauti. Hapa hatari imo kwenye pikipiki yenyewe. Mhudumu anayepatana bei na abiria, anayepokea simu au anayetafuta chenji akiwa katika gia, anategemea vidole vichache na waya mmoja wa klachi. Vidole vikiteleza au waya ukikatika, pikipiki huruka mbele abiria akiwa mguu mmoja hewani. Kabla ya mtu yeyote kupanda au kushuka, pikipiki inafaa kutolewa kwenye gia na breki kushikiliwa. Isitoshe, ile taa ya kijani isiaminiwe peke yake, kwani katika pikipiki kuukuu huweza kudanganya. Klachi iachiliwe polepole hadi mhudumu ahakikishe kwamba pikipiki haivuti.

Mahali pa tatu ni mteremkoni, ambapo wahudumu wengine huitoa pikipiki kwenye gia na hata kuizima injini ili kuokoa mafuta. Kishawishi hicho kinaeleweka. Bei ya petroli hutangazwa upya kila mwezi, na mhudumu asiyemiliki pikipiki hudaiwa na mwenyewe kiasi fulani kila jioni, biashara iwe nzuri au mbaya. Hata hivyo, pikipiki iliyotolewa kwenye gia haizuiwi tena na injini, na mzigo wote huangukia breki ambazo huenda zimelika. Wakenya wanaijua hatari hii kutokana na malori ya Salgaa, ambako kwa miaka mingi madereva walilaumiwa kwa kuteremka bila gia ili kubana matumizi ya mafuta. Kilichoyashinda malori yenye breki kubwa hakiwezi kuwa mbinu salama kwa pikipiki.

Ni kweli kwamba ustadi wa mhudumu una mipaka. Mnamo Juni 30, 2023, trela lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, likagonga magari, wahudumu wa bodaboda na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walifariki. Hakuna gia ambayo ingewaokoa wengi wao. Mkasa huo ulionyesha kwamba steji iliyobanana na barabara kuu ni hatari hata kwa mhudumu mwangalifu. Jukumu la kutenga maeneo salama ya kusimama ni la serikali za kaunti na mamlaka za barabara.

Tangu sheria ya trafiki ilipofanyiwa marekebisho mwaka wa 2012, misako ya polisi imezingatia zaidi helmeti, jaketi za kuakisi mwanga na idadi ya abiria. Hayo ni muhimu, na ni rahisi kukaguliwa barabarani. Lakini hakuna afisa anayeweza kukagua kando ya barabara iwapo mhudumu anajua lini atumie gia na lini aitoe. Jambo hilo hupatikana kwa mafunzo pekee, na wahudumu wengi walifundishwa na marafiki kwa siku moja au mbili uwanjani.

Viongozi wa steji na vyama vya akiba wanaweza kuanza bila kungoja Nairobi. Wadai cheti cha mafunzo kabla ya kumpokea mwanachama mpya, na wamzuie yeyote aliyeng'oa vioo vya kando kubeba abiria. Mhudumu asiye na vioo hawezi kujua kama gari lililo nyuma yake limesimama, na bila kujua hilo, hawezi kuamua lini ni salama kuitoa pikipiki kwenye gia.