Ziwa Naivasha: Tusingoje taa nyekundu

UKAME wa 2009 uliposhusha maji ya Ziwa Naivasha hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1940, lawama ziliyaangukia mashamba ya maua. Mnamo 2020, na tena 2025, ziwa hilo hilo lilifurika na kuwahamisha wakazi wa mtaa wa Kihoto. Kwa wanaolitegemea, kuanzia mjini Naivasha hadi Ndabibi upande wa magharibi, swali ni moja: je, ziwa geugeu namna hii linaweza kudhibitiwa?

Wahandisi wa mitambo inayojiongoza wamelikabili swali kama hilo tangu Mrusi Aleksandr Lyapunov aandike kuhusu uthabiti mwaka 1892. Funzo lao ni kwamba kitu kinachochelewa kuitikia huyumbishwa zaidi na mkono mzito. Anayezungusha bomba la maji moto kwa pupa huungua, kisha hutetemeka kwa baridi.

Naivasha lina matatizo yote matatu yanayowasumbua wahandisi hao. Kwanza ni kuchelewa: maji mengi huletwa na Mto Malewa kutoka milima ya Nyandarua, na yale yapitayo ardhini hukawia zaidi. Pili, matokeo hayalingani na chanzo: ziwa halina kina kirefu, hivyo likishuka kidogo tu ufuo husogea mbali, na likipanuka jua hufyonza maji mengi zaidi. Tatu ni mashaka, kwani si kila kisima wala pampu inayopimwa.

Mpango wa ugawaji maji wa 2010 hadi 2012 uliweka viwango vya ziwa kwa rangi za taa za barabarani: kijani, manjano na nyekundu. Wazo lilikuwa jema. Hata hivyo, kina cha ziwa ni habari ya jana. Nyekundu ikiwaka, mvuvi na mfugaji wameshaumia, na kufunga pampu ghafla humwachisha kibarua kazi kabla ziwa halijanufaika.

Dawa ni kusoma mvua ya Nyandarua na mkondo wa Malewa mapema, kupunguza matumizi kidogo kidogo, kupima kila pampu na kubakiza akiba kwa yasiyojulikana. Akiba hiyo ni ya ardhi pia: anayejenga ufuoni wakati wa kiangazi amejenga ndani ya ziwa.